Meza ya Mzee Randa

Binti wa mapokezi alimtazama Mama Uzi kuanzia viatuni kwenda juu, akasema kwa ule upole wa kufundishwa kazini, "Mama, watu wa usafi wanaingilia mlango wa nyuma."

"Sijaja kufagia, mwanangu. Nimekuja kumwona mtoto wangu."

"Yuko jikoni?"

"Anahutubia. Ni mtawa."

Binti aliomba radhi haraka haraka, maana hakuwa mtu mbaya, akatafuta beji ya kumpa. Zilikuwepo za wajumbe, za watoa mada, za waandishi wa habari na za wafadhili. Ya mama wa mtoa mada haikuwepo. Akachukua moja tupu, akaandika MGENI kwa kalamu ya wino mzito, akamvisha shingoni.

Basi Mama Uzi akaingia na ugeni wake, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Bango la jukwaani lilisema kwamba hili ni kongamano la kimataifa la Wabudha, na kwamba wamekutana kujadili namna ya kuyatumia mafundisho ya Budha katika jamii ya leo. Watawa wa nchi nyingi walijaa viti vya mbele, wengine wamevaa rangi ya chungwa, wengine kahawia, wengine kijivu, vichwa vyote vimenyolewa upara. Asubuhi walikuwa wamezungumzia kazi zinazomaliza watu, na simu zinazofanya watu wa nyumba moja wasitazamane usoni. Mchana huu ilikuwa zamu ya upweke wa wazee. Aliyesimama kuuzungumzia alikuwa Ukoko.

Ukoko ni jina la nyumbani. Alipewa kwa sababu utotoni hakuna sufuria ya wali iliyooshwa kabla yeye hajaikwangua. Watawa walikuwa wamempa jina jingine, refu na zuri, ambalo Mama Uzi alijaribu kulikariri mara nyingi na kila mara likamponyoka katikati.

Alimtazama kwanza kwa jicho la fundi cherehani. Vazi lile la rangi ya chungwa lilikuwa limeungwaungwa, vipande vidogo vidogo, mshono juu ya mshono. Moyo ukamwuma. Mwanangu anavaa viraka mbele za watu wote hawa, alisema moyoni, na mimi mama yake nina cherehani.

Ukoko alizungumza kwa lugha ya kigeni. Mjumbe wa kiti cha pili alimwonyesha Mama Uzi namna ya kuvaa hedifoni, na humo ndani akakuta sauti ya mwanamke, mkalimani, laini kabisa, ikisema, "Katika miji yetu kuna wazee wanaowasha redio tangu asubuhi, si kwa ajili ya habari, bali wasikie mtu akiongea." Mama Uzi aliona haya kana kwamba amechunguliwa dirishani. Yake huwa inawaka mpaka betri zinalegea. Siku nyingine hatamki neno tangu kunapokucha hadi binti yake arudi kutoka kazini jioni, na hapo sauti ikitoka inakwaruza.

"Mama yangu," ikasema sauti ya mwanamke yule, "alinifundisha kuachilia kabla sijasoma kitabu chochote. Siku ninaondoka alinisindikiza mpaka kituoni. Hakutoa chozi. Alinipungia mkono, akageuka, akaenda zake."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama Uzi akavua hedifoni. Aligeuka siku ile kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika, na alilia njia nzima mpaka kondakta akamrudishia nauli. Hilo nani angemwambia mkalimani? Akaiacha hedifoni mapajani, akamsikiliza mwanawe kwa sauti yake mwenyewe, bila kuelewa neno hata moja, na hivyo ndivyo alivyomsikia vizuri zaidi.

Lakini lililomleta halikuwa hotuba. Zamani, Ukoko alipokataa kurithi karakana ya useremala ya baba yake na kusema anakwenda kuwa mtawa, Mzee Randa aliipiga meza ya chakula kwa kiganja, akasema, "Mezani pangu hutakula tena." Meza hiyo aliitengeneza mwenyewe mwaka aliooa. Ukoko aliondoka bila kula, na miaka ikapita. Sasa kiharusi kilikuwa kimechukua upande wa kulia wa Mzee Randa pamoja na maneno yake karibu yote, na katika machache yaliyobaki, moja alikuwa akilirudia tangu aliposikia mwanawe yumo kwenye msafara wa kongamano: kula. Alitaka kuifuta kauli yake. Kwa mdomo asingeweza tena. Ingefutika tu kijana akila pale pale ilipotamkwa.

*

Alimvizia kwenye ukumbi mdogo wakati wa mapumziko. Meza zilikuwa na chai na maji tu. Akashangaa hoteli kubwa namna hii haina hata andazi.

"Shikamoo, mama," alisema Ukoko, viganja vyake vimekutana kifuani.

"Marahaba, baba. Marahaba." Akanyoosha mikono yote miwili.

Bwana mmoja wa suti, mratibu wa kongamano, akajipenyeza katikati huku akitabasamu. "Samahani sana, mama. Watawa wa kwao hawaguswi na mwanamke."

"Mimi siyo mwanamke. Mimi ni mama yake."

"Hata mama, mama."

Ukoko aliinamisha macho. Angalau angesema neno, hata la kumuunga mkono yule bwana, lingeuma kidogo kuliko ule unyamavu. Mama Uzi akairudisha mikono yake, akaikumbusha kwamba imebeba mfuko wa machungwa. Akautoa. Ukoko akachomoa kitambaa begani, akakitandika mezani, akashika ncha moja. Mratibu akaeleza kwamba aweke pale juu, ndivyo wanavyopokea. Akaweka. Kitambaa kikavutwa taratibu na machungwa yakaenda.

"Umekonda," alisema.

"Niko salama, mama."

"Na hizo nguo? Hakuna mtu wa kuwakatia kitambaa kizima huko?"

Hapo Ukoko akacheka, na kwa kitambo akawa mtoto wake tena. "Zinatakiwa ziwe hivi. Ni vipande makusudi."

"Makusudi! Haya. Baba yako anataka ule naye. Mezani."

Kicheko kikakatika. "Amesema hivyo?"

"Kusema kwake ni neno moja moja siku hizi. Kasema wewe. Kasema meza. Kasema kula. Mimi nimeyaunga. Kuunga ndiyo kazi yangu."

Ukoko aliyafunika machungwa kwa kitambaa. "Kesho nitakuja. Keshokutwa tunaondoka. Lakini iwe mapema, mama. Kabla ya saa sita."

"Hata alfajiri njoo."

Kosa lilizaliwa hapo, na hakuna aliyeliona. Watawa wa madhehebu yake jua likishapita utosini hawali chakula tena mpaka kukuche. Mahali alikoishi miaka yote hiyo, ukimwambia mtu kabla ya saa sita umemaliza maneno. Hata watoto wa jirani wanajua. Ukoko alidhani ameeleza kila kitu. Mama Uzi alidhani mchana ana mkutano.

Akiwa anatoka alimwona mratibu amesimama kwenye nguzo, anamenya chungwa. Alilitambua kwa jani lake. Mwanangu hakutaka hata moja, aliwaza, akavua beji yake, akamrudishia binti wa mapokezi.

*

"Kwa hiyo anakuja kutukagua," alisema King'ora jioni ile. Ndiye binti mkubwa, muuza mafuta kwenye kituo cha petroli, na jina lake la utani halihitaji maelezo kwa aliyewahi kumsikia akiita. "Sisi tunamgeuza baba kila siku asipate vidonda, yeye anahutubia upweke wa wazee. Kwa hedifoni!"

"Punguza sauti, baba yako anasikia."

"Asikie. Tena alivyozungumza vizuri hivyo, hakusema nani ananunua nepi?"

Mama Uzi alitia uzi kwenye sindano. Alikuwa amekunjua jora la kitambaa kizito, rangi ya chungwa, alilolinunua njiani. Alikusudia kumshonea shuka la kujifunika, kwa kuwa kwao huko kuna baridi. Moja zima, bila kiungo. Kama ni makusudi, na yeye alikuwa na makusudi yake.

Chumbani Mzee Randa alisema, "Kesho?"

"Kesho," alijibu mkewe.

"Nyoa."

"Nitakunyoa."

*

Ukoko alifika saa nne, peke yake, gari la kongamano likamsubiri barabarani. Mtaa mzima ulitoka kumtazama na kujifanya haumtazami. Wali ulikuwa umeshaiva, mboga na maharage yako tayari jikoni, yamefunikwa. Angeweza kupakuliwa dakika ile ile akala akashiba.

Lakini katika nyumba ile hakuna anayepakuliwa kabla Mzee Randa hajaketi. Hata kiharusi hakikuibadili desturi hiyo. Siku zote sahani yake ilipelekwa kwanza kitandani, ndipo wengine wakala. Na leo Mzee Randa hakutaka kitanda. Alitaka meza.

Meza yenyewe ilikuwa imegeuka ya kazi. Ilijaa vitambaa vya wateja, mikasi, vifungo, na magauni ya harusi yasiyokwisha. Mama Uzi na King'ora wakaanza kuhamisha, huku Ukoko akiingia chumbani kwa baba yake. Walitazamana. Mzee alikuwa amenyolewa, na upande mmoja povu lilibaki sikioni.

"Shikamoo, baba."

Mkono wa kushoto ukainuka, ukakipapasa kile kichwa kisicho na nywele, ukakipapasa tena, kama alivyokuwa akipapasa ubao kujua kama umelainika. "Kula," alisema.

"Nitakula, baba."

Wakamvalisha shati jeupe na koti lake moja. Ukoko na King'ora walimwinua, mmoja huku, mwingine kule, wakamtoa hatua kwa hatua mpaka mlangoni mwa chumba. Hapo Mzee Randa akasimama. Uso wake ukabadilika, na wote wawili wakaelewa kabla hata harufu haijafika. Suruali ilikuwa imelowa mpaka chini. Koti nalo lilikuwa limechafuka.

Mzee akafumba macho. Hakuna neno alilobakiwa nalo la kutosha jambo lile.

"Mrudishe kitandani," alisema King'ora, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitamsafisha. Nenda kakae na mama."

"Hapana. Lete maji."

"Wewe?"

"Lete maji ya vuguvugu, dada."

Alilikunja vazi lake, akalifunga kiunoni, akapiga magoti. Alimwosha baba yake polepole, akianza miguuni, akimzungumzia habari za miti ya huko anakoishi, ambayo mbao zake ni ngumu hazipigiki msumari. Mzee alifumbua macho kwenye habari ya mbao. King'ora alikuja na maji safi mara mbili, akamkuta kaka yake anatupia jicho dirishani. Akatupia tena.

"Una haraka? Gari linakusubiri?"

"Sina haraka."

"Mbona unaangalia nje?"

Angesema hapo. Angesema, dada, jua linapanda, nipakulieni hata kijiko kimoja nile nimesimama. Lakini kusema hivyo ilikuwa kumharakisha mzee aliyekuwa uchi mikononi mwake, na kula peke yake jikoni hakungefuta lolote. Akasema, "Naangalia tu," akaendelea kumkausha baba yake katikati ya vidole.

Walipomkalisha mezani, amevaa shati jingine na hana koti, mwanga uliokuwa sakafuni karibu na dirisha ulikuwa umeshahama.

*

Mama Uzi alipakua kwa furaha ya mtu ambaye mikono yake ilisubiri miaka. Ya mume kwanza. Ya mwana ikafuata, imejaa mpaka pembeni, na juu yake kipande kikubwa cha ukoko, cha kahawia, cha kumtania. Akaiweka kwenye meza, mbele ya kiti chake cha zamani.

Ukoko aliitazama ile sahani. Njaa aliyokuwa nayo haikuwa ya kujifanya.

"Mama," alisema. "Jua limepita."

"Limepita wapi?"

"Saa sita imepita. Sisi hatuli tena baada ya hapo. Mpaka kesho asubuhi."

Ilichukua muda kumwingia. Alikumbuka zile meza za chai tupu, alikumbuka machungwa. "Ungeniambia."

"Nilikwambia kabla ya saa sita. Nilidhani unajua."

"Nitajuaje, mwanangu?" Hakuwa na hasira hata chembe, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumsikiliza. "Nani alinieleza? Mimi sijui unaamka saa ngapi. Sijui unalala wapi. Hata jina lako silijui vizuri."

"Kula," alisema Mzee Randa.

Ukoko alichukua kijiko. King'ora akashusha pumzi. Lakini kijiko kilikwenda kwenye sahani ya baba, kikachota wali kidogo, kikasubiri mdomoni pake. Mzee alikuwa na tabia ya kuusukuma mkono wa binti yake na wa mkewe, akajilisha mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kumwaga nusu, kwa kiburi. Leo alifungua mdomo. Alikula kijiko baada ya kijiko, macho yake yako kwenye sahani ile nyingine iliyojaa, anaingoja. Kuinuliwa na kuoshwa kulikuwa kumemmaliza. Kichwa kikaanza kuinama. Akasinzia akiwa bado anatafuna.

King'ora alisubiri mpaka alipohakikisha amelala. "Kijiko kimoja," alisema. "Hakuna anayekuona. Huyo Budha wako angekukasirikia kwa kijiko kimoja, mbele ya mzee namna hii?"

"Asingekasirika."

"Sasa?"

Ukoko alikuwa analia, bila sauti, mikono imelala pande mbili za sahani. "Nilimwahidi baba karakana, dada, nikavunja. Unakumbuka. Lile lilikuwa neno langu la kwanza kubwa. Hili la utawa ni la pili. Nikilivunja na hili sijui nitabaki nani."

"Utabaki Ukoko."

Ukoko alitikisa kichwa. Inawezekana alikosea, wapo watawa wenzake ambao wangekula, na kesho yake wakaungama kwa wakubwa wao na maisha yakaendelea. Yeye hakuweza. Mama Uzi alimwona hawezi, akainuka, akaifunika ile sahani kwa sahani nyingine.

"Mwache," alimwambia King'ora. "Amemwosha baba yake. Mwache."

*

Walimrudisha mzee kitandani bila kuamka. Dereva alikuwa ameshapiga honi mara moja, kwa adabu. Mlangoni Mama Uzi alileta lile shuka, limekunjwa na kufungwa kwa utepe, akasimama nalo asijue alitoeje.

Ukoko alichomoa kitambaa chake. Hapakuwa na meza karibu, akakinyoosha hivyo hivyo hewani, ameshika ncha moja. Mama Uzi alishika ncha ya pili ili kisianguke, akaliweka shuka katikati kwa mkono mwingine. Uzito ukakivuta chini, na kupitia kitambaa akausikia mkono wa mwanawe upande wa pili.

Sheria ilisema aachie, kisha kivutwe. Hakuachia. Ukoko naye hakuvuta.

Wakakaa hivyo. Mtaa mzima ukawa unawatazama na sasa haukujifanya. King'ora mwenyewe aligeukia ukutani.

Dereva akapiga honi tena. Mama Uzi akafungua vidole, na kitambaa kikaenda.

*

Mzee Randa aliamka alasiri. Alitazama mlango, alitazama kiti kilichokuwa kando ya kitanda, alimtazama mkewe.

"Amekwenda," alisema Mama Uzi. "Hakutaka kukuamsha."

"Kula?"

King'ora alikuwa mlangoni na ndoo ya nguo zilizolowa. Mtu wa kuwasahihisha watu ni yeye, alishafungua mdomo. Mama Uzi akamtangulia.

"Amekula."

"Meza?"

"Mezani pako. Kwenye kiti chake kile kile. Kala mpaka akakwangua sufuria, utafikiri kule hawamlishi."

Upande wa uso ambao bado ulikuwa unamtii ukacheka. Macho yakamjaa maji, akamtafuta mkewe kwa mkono wa kushoto, akamshika. Alimshika muda mrefu, kisha akalala tena, usingizi mwepesi wa mtu aliyetua mzigo. King'ora aliichukua ndoo yake, akaenda kuanika.

Mama Uzi alikwenda jikoni, akafunga mlango. Vitambaa vya wateja angevirudisha mezani baadaye. Kwanza aliifunua ile sahani, akaumwaga wali wake kwenye bakuli la kesho. Kisha akaketi na sufuria mapajani, akachukua kijiko, akaanza kuukwangua ukoko uliobaki. Ulikuwa umepoa na kukakamaa, na meno yake hayakuwa ya kazi hiyo tena. Aliula wote mpaka chuma kikaonekana.

Alipomaliza aliiosha sufuria, akaigeuza ichuje maji, akawasha redio.